Je, BASIS itamfaa binti yako?

Dada, umeuliza kama umhamishie shule ya BASIS ya Phoenix, Marekani, binti yako wa darasa la tano, anayeongoza darasani lakini hulia akikosa hata swali moja.

Kilio hicho kinanishughulisha kuliko alama zake. BASIS, iliyoanzia Tucson mwaka 1998, ni mtandao wa shule za mkataba (charter): ni za umma, hazina ada, na waombaji wakizidi nafasi huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kuanzia darasa la sita watoto husoma fizikia, kemia na baiolojia, kila somo peke yake, na akianguka mitihani mikuu ya mwisho wa mwaka anaweza kurudia darasa. Mtoto anayependa kuchimba mambo hunawiri. Anayeogopa kukosea anaweza kunyong'onyea.

Muulize mkuu wa shule: wangapi walioanza darasa la sita hufika la kumi na mbili? Anayekwama husaidiwa na nani, saa ngapi? Ulizia na usafiri, maana nyingi za shule hizi hazina basi.

Kisha mpe hesabu ngumu jioni, umtazame. Akifuta na kujaribu tena, mwandikishe. Akifunika daftari, mimi ningesubiri mwaka mmoja.