Dozi ya dawa ya maumivu baada ya upasuaji wa ngiri

Pole na mtoto, dada. Umeuliza kama unaweza kumpa nusu ya dozi ya kaka yake. Hapana, dozi ya mtoto hupigwa hesabu kwa kilo za uzito wake. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Kwa kilo 12 ulizotaja ni miligramu 180. Sasa soma chupa: ikiwa imeandikwa 120 mg kwa 5 ml, hiyo ni mililita 7.5. Zipo za 250 mg kwa 5 ml, na hapo ndipo wengi huzidisha! Pima kwa bomba lisilo na sindano, vijiko vya jikoni havilingani.

Kabla ya dozi ya kwanza, angalia karatasi ya kuruhusiwa alipewa saa ngapi wodini. Siku mbili za mwanzo mpe kila saa 6 zikitimia, usingoje alie. Dawa ya mafua weka kando, nyingi zina paracetamol ndani. Kodeini, dawa nyingine kali ya maumivu, usimpe kabisa, hairuhusiwi chini ya miaka 12. Inaweza kumzuia kupumua. Maumivu yakizidi licha ya dawa, au akitapika mfululizo, mrudishe hospitali leo hii.