Mafrateri wapya, acheni kujificha

Kila nikienda kuungamisha seminarini nakuta mambo yaleyale, ila sura zimebadilika. Gari la Padre Gombera, yaani mkuu wa seminari, likitoka getini, kelele zinaanza. Likirudi, kila mkono una rozari. Wadogo zangu mnaosomea upadre, nawapenda, na ndiyo maana mnanikasirisha. Walezi wenu wamelelewa humohumo, na wanajua maongezi ya baada ya Sala ya Usiku hufanyikia korido ipi.

1. Malezi hayakaririki. Metafizikia utaikesha usiku mmoja na alama utapata, lakini upole hauji hivyo. Papa Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis ya 1992, alitaja malezi ya kibinadamu, kiroho, kiakili na kichungaji, na yale ya kibinadamu akayaita msingi wa yote. Nyie mnashindania ya kiakili kwa kuwa matokeo yake hubandikwa ubaoni.

2. Usimpelekee mlezi wa kiroho mtu ambaye hayupo. Hapa nitakaa kidogo, maana hili lilinigharimu.

Baba yangu alifariki nikiwa seminarini, bado nasoma falsafa. Nilipewa ruhusa, nikazika, nikarudi, na waliponiuliza nikajibu, "Namshukuru Mungu, niko salama." Kwa mlezi wa kiroho nilikwenda kwa ratiba bila kukosa, nikimpa hesabu ya sala: masifu (sala za Kanisa za kila siku) nasali, tafakari nafanya, kuungama naungama. Kuhusu baba sikugusa. Nilikuwa na hasira naye kwa mambo ambayo hatukuwahi kuyamaliza, na niliogopa kwamba nikiyasema yatafika kwa Gombera, kisha nionekane sifai.

Huo ulikuwa ujinga, na leo nawaona mnaubeba hivyohivyo. Kanuni ya 240 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema wazi kwamba katika kuamua nani apewe daraja takatifu, yaani ushemasi au upadre, au nani aondolewe seminarini, maoni ya mlezi wa kiroho na ya waungamishi hayaulizwi kamwe. Kwa hiyo katika nyumba nzima, chumba nilichokikwepa ndicho pekee nilichopaswa kukimbilia.

Mwaka wa kichungaji, frateri anapotumwa parokiani kujifunza kazi, ukanifichua. Kigangoni, kwenye kanisa dogo lililo chini ya parokia, mbele ya waumini wakisubiri ibada, nilimfokea katekista, mzee wa rika la marehemu baba, kwa sababu hakuwa ameandaa masomo. Nilimfokea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mzee akainamisha kichwa, akaokota vitabu vyake. Paroko alipopata habari hakupandisha sauti. Aliniagiza niende nyumbani kwa mzee yule, peke yangu, bila kanzu.

Nikaenda. Nikapiga goti, nikaomba radhi. Mzee akaniinua, akanipa kigoda, akamwita mkewe alete uji. Kisha akaniuliza, "Frateri, baba bado yupo?" Nililia mbele ya watu niliowadhalilisha, kilio ambacho ningelia zamani chumbani kwa mlezi wangu, mlango umefungwa. Paroko aliliandika tukio lile katika taarifa yake, na alitenda haki: ya hadharani ni ya walezi kuyapima. Niliporudi kuanza theolojia, wiki ya kwanza nilibisha hodi kwa mlezi wa kiroho na sikuzungumzia masifu.

3. Likizo: ripoti kwa paroko mapema, kisha shika jembe umsaidie mama shambani.

4. Kazi za mikono. Kuna ndugu zetu ambao malaria huwashika kila siku ya kazi na kuwaachia filimbi ya mpira ikilia. Siku ukipangiwa parokia yenye vigango vya milimani, huku bati la kanisa limeng'olewa na upepo, waumini watakuangalia wewe kwanza kabla hawajaangalia paa.

5. Lala mapema, anayesinzia kwenye tafakari hajifunzi kusali.

6. Ukiona njia si yako, sema. Kanuni ya 1026 inakataza kumlazimisha mtu kupokea daraja kwa njia yoyote ile na kwa sababu yoyote ile. Kwetu anayelazimisha hana fimbo. Ni mama aliyekwisha kununua kitenge cha upadrisho, ni mjomba anayekuita "Baba Padre" tangu seminari ndogo, ni jumuiya iliyokuchangia nauli. Wote hao wanakutakia mema, na hakuna hata mmoja atakayeishi upadre huo kwa niaba yako. Mwenzetu mmoja alimweleza mama yake ukweli tukiwa theolojia. Mama alilia sana, na miaka michache baadaye akakivaa kitenge kilekile kwenye ndoa ya mwanawe huyohuyo, akacheza mpaka tukamwomba apumzike.