Maswali ya Wasomaji: Pakiti ya chapchap au pakiti iliyonyooka?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi kijana wa Newala, nimeandika programu ya kurekodi uzito wa korosho kwenye chama chetu cha msingi, sehemu kubwa Python, halafu kuna kiprogramu cha pembeni cha C kinachosoma mizani. Vyama vya jirani wameiona wanaitaka, kompyuta zao nyingi zina Linux ya Ubuntu 20.04, chache ya Debian 12. Jamaa kanionyesha fpm, kifaa cha kufunga programu iwe pakiti, amri moja tu .deb (faili la kuinstoli) hiyo hapo. Nimeitengeneza kwenye laptopu yangu ya Ubuntu 22.04, kila kitu nimekitupia kwenye /opt/mizani, ikaingia kote bila neno, ila kwenye zile 20.04 ukibonyeza kusoma mizani inagoma, inasema GLIBC_2.34 haipo. Mwingine ananiambia nifuate kanuni zote za Debian, nimezifungua nikazifunga. Nishike lipi? Oktoba si mbali.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Endelea na fpm, ila usiiachie ikufikirie, maana yenyewe inafunga ulichoipa basi, haiulizi humo ndani kuna nini wala kinahitaji nini. Laptopu yako ina glibc 2.35 (maktaba ya msingi ambayo programu za C huitegemea), wale jirani wana 2.31, na ukikompaili (kugeuza kodi ya C iwe programu) kwenye mpya kinachotoka kinadai vitu vya mpya, ndo maana Debian 12 yenye 2.36 haikulalamika. Kwa hiyo kompaili kile cha C ndani ya 20.04, hata kwenye kontena tu (yaani Ubuntu 20.04 iliyotengwa ndani ya laptopu yako), kitatembea huko na kwenye mpya pia. Halafu kwenye amri yako ongeza -d 'libc6 (>= 2.31)', yaani pakiti inahitaji glibc 2.31 au mpya zaidi. Hapo siku mtu akiwa na mashine ya zamani zaidi apt, amri ya mfumo ya kuinstoli, itakataa palepale mlangoni na kusema inakosa nini, si karani aje kugundua foleni imeshajipanga. Vifaa rasmi vya Debian hilo wanalifanya wenyewe kwa kuisoma programu yako, wewe utaliandika kwa mkono, tofauti ndo hiyo.

Sasa kuna kitu hujaniuliza na ndicho kilichonitisha. Umesema kila kitu kiko /opt/mizani. Na ile database je? Maana kama umefunga mizani.db tupu ndani ya pakiti, siku unapeleka toleo 1.1 dpkg, ile inayofungua pakiti yenyewe, inaweka faili jipya juu ya la zamani, haiulizi mtu, na uzito wote wa msimu umekwenda, halafu nenda kawaeleze wakulima wanaosubiri malipo ya mnada! Kumbukumbu zikae /var/lib/mizani, folda itengenezwe wakati wa kuinstoli na database izaliwe programu ikifunguliwa mara ya kwanza, isiwemo kabisa kwenye pakiti. Mipangilio, kama jina la chama na bandari (port) inayochomekwa mizani, iweke /etc, huko fpm inayatia alama yenyewe kuwa ni mafaili ya mipangilio, na ukiapudeti karani anaulizwa kwanza kama alishayagusa. Programu yenyewe iache /opt, haina shida.

Na kama una skripti ya kuinstoli inayoita pip (kishushio cha maktaba za Python mtandaoni), itoe. Kwanza maghala mengine mtandao wa kubahatisha, pili Debian 12 itakurudishia kosa la externally-managed-environment, yaani pip hairuhusiwi kugusa Python ya mfumo, na kusimama hapohapo. Maktaba za Python zitaje kama pakiti za mfumo, zile zinazoanza na python3-, na uwaelekeze watu wainstoli kwa apt install ./mizani.deb, sio dpkg -i, maana dpkg haiendi kutafuta vinavyokosekana, inaiacha pakiti nusunusu.

Yaliyobaki, kurasa za mwongozo, faili la hakimiliki kwa mpangilio wao, makelele ya lintian (kikaguzi cha pakiti cha Debian), yapite tu kwa sasa. Hayo ni ya siku ukitaka programu iingie Debian yenyewe. Huyo anayekwambia ufuate kanuni zote yuko sahihi kabisa kuhusu Debian, kuhusu Newala hapana. Ila wakumbushe majirani kwamba 20.04 imeisha muda wake wa matunzo ya kawaida tangu 2025.

SWALI: Habari kaka, niko Lindi mjini. Kwa nini mtu asiweke tu Flatpak, ule mfumo mwingine wa kufunga na kuinstoli programu za Linux, akasahau hayo yote ya matoleo?

JIBU: Nzuri dada. Anaweza, na kwa programu za mezani za kawaida mimi mwenyewe ningemshauri hivyo, maana Flatpak inakuja na maktaba zake. Kinachouma ni bando. Programu ya kwanza inavuta na msingi wake, mamia ya MB, zinazofuata zikitumia msingi uleule ndo zinakuwa nyepesi. Ukiwa na mashine kadhaa shusha kwenye moja, halafu tumia flatpak create-usb upeleke kwa fleshi, ila kwanza rimoti yako (ghala unakoshushia programu) iwe na collection ID, yaani kitambulisho chake, bila hiyo amri inakataa.