Mama anaona chumba kinazunguka akigeukia kulia kitandani

Pole, ndugu. Kama akitulia kizunguzungu kinakata ndani ya dakika moja, huenda ni chembe za chokaa za sikio la ndani zilizochomoka na kuingia kwenye mrija mmoja kati ya mitatu inayopima mzunguko wa kichwa. Chembe zinasukuma majimaji ya mrija: sikio linasema anazunguka, macho na nyayo vinakataa. Vidonge vya kizunguzungu havizirudishi mahali pake; zinarudishwa kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua.

Akishapimwa na kuthibitishwa ni sikio la kulia, aketi kitandani, ageuze kichwa digrii 45 kulia, kisha alale chali upesi, mto ukiwa chini ya mabega ili kichwa kilegee nyuma. Sekunde 30. Kigeuzwe digrii 90 kushoto bila kukiinua (hapa ndipo wengi huharibu), sekunde 30. Alalie ubavu wa kushoto, uso ukielekea sakafuni, sekunde 30, ndipo aketi taratibu, nawe umshike.

Mwenye shingo mbovu asijaribu nyumbani. Akiona vitu viwiliviwili, ulimi ukiwa mzito au upande mmoja ukilegea, hilo si sikio, mkimbize hospitali.