Shaba za New Jersey: kwa nini daraja ni moja na bei ni mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini sarafu mbili za shaba za New Jersey, Marekani, za 1787, zote zimepewa VF 20 (Very Fine, yaani "nzuri sana") katika kipimo cha ubora cha 1 hadi 70, moja imeuzwa mnadani karibu mara tatu ya mwenzake. Mimi naishi hukuhuku New Jersey na shaba hizi ndizo ninazozikusanya, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Ile namba inakueleza zaidi sarafu imechakaa kiasi gani. Haikuelezi ilizaliwaje, na hizi, zenye kichwa cha farasi na plau upande mmoja na ngao upande wa pili, zilizaliwa kwa taabu. Juni 1786 jimbo liliwapa Walter Mould, Thomas Goadsby na Albion Cox mkataba wa kugonga sarafu milioni tatu, kila moja greni 150, kama gramu 9.7. Zikagongwa Rahway, Morristown na Elizabethtown. Mihuri, yaani vile vyuma vya kugongea picha, ilichongwa kwa mkono, na ikipasuka kazi iliendelea nayo. Visahani vya shaba, yaani vipande vitupu vinavyogongwa kuwa sarafu, vilikuwa na nyufa na vijishimo hata kabla ya kugongwa. Wakati mwingine waligonga juu ya sarafu ya zamani ya kwingine, ukitazama vizuri unaona herufi za awali zinachungulia chini ya ngao.

Ndiyo maana katikati ya ngao pakiwa bapa usikimbilie kusema imelika. Chukua lenzi, inamisha sarafu mwanga uipige kwa ubavuni. Ukiona ule ukwaru wa kisahani bado upo hapo katikati, huku maandishi ya E PLURIBUS UNUM pembeni yamesimama, basi pigo halikufika. Palipochakaa kwa kushikwashikwa panakuwa laini, pamelainika pamoja na sehemu nyingine zilizoinuka kama shavu la farasi na manyoya ya shingo yake.

Sasa uso wa shaba, na hapa ndipo pesa ilipo. Nyingi zimefukuliwa mashambani, na udongo umezila: nyeusi, zina chembechembe kama mchanga. Mkusanyaji mzoefu hupima kwanza ukali wa picha, halafu anapunguza kwa ajili ya kutu, mikwaruzo na kusafishwa. Mwingine anapunguza sana, mwingine kidogo, hapo ndipo mabishano huanza. Kwangu mimi, iliyochakaa zaidi lakini ina rangi ya kahawia, laini na sawasawa, naichukua mbele ya VF yenye chembechembe, na nikitazama minada naona wengi wenye pesa wanafikiri hivyohivyo. Naamini zile zako mbili zimetofautiana hapo.

Au zimetofautiana kwa mihuri. Daktari Edward Maris alizipanga mwaka 1881: namba kwa upande wa farasi na plau, herufi kwa upande wa ngao, na mpaka leo tunatumia mpango wake. Kuna michanganyiko ya mihuri ya pande mbili zaidi ya mia. Uadimu wake unapimwa kutoka R-1, za kawaida, hadi R-8, adimu kabisa, ambapo R-7 maana yake zinajulikana 4 hadi 12 tu. Lakini uadimu peke yake hauleti bei. Maris 54-k, ambayo kichwa cha farasi kinafanana na cha nyoka, si adimu sana, ila kila mtu anaitaka, kwa hiyo inapanda. Kuna R-5 isiyo na sura ya kumvutia mtu, ikipita mnadani wanaoinyooshea mkono ni wachache wanaotafuta kila muhuri.

Kuhusu ile ya tatu unayotaka kuinunua mtandaoni: omba uzito na picha ya ukingo. Uzito wa halali hupanda na kushuka, hilo lisikutishe, lakini ukiona mstari wa kuunganisha unaozunguka ukingo, au vijitundu vya mapovu na herufi zilizoviringika, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Iache.

Na tafadhali sana, ile uliyonayo usiiguse kwa ndimu na chumvi. Itang'aa rangi ya waridi, na hakuna atakayeirudishia ule ukahawia wa miaka zaidi ya mia mbili. Weka hapa picha za pande zote mbili, mwanga wa ubavuni, pamoja na uzito, nikutafutie namba yake ya Maris.