Kamera ndogo au SLR? Barua kwa binti yangu wa Likasi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Katuba hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama watoto wameshapona mafua. Ujumbe wako nimeusoma. Una dola 400, unataka kamera ya kupigia picha za watoto, za korali ya parokia, na za harusi za walimu wenzako ambao wameshaanza kukuomba. Unauliza uchukue kamera ndogo ya mfukoni au SLR ya wanaoanza, yaani ile kamera kubwa yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, na unasema muuzaji amekuonyesha ndogo yenye zumu ya mara 30 ukaipenda.

Hiyo ya zumu mara 30 iache hapohapo dukani. Zumu ndefu namna ile inaingia kwenye kamera ndogo kwa sababu kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, ni kidogo mno: milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Kihisi cha SLR ya Canon ya bei ya chini ni milimita 22.3 kwa 14.9. Zidisha mwenyewe, wewe ndiye mwalimu wa hesabu: eneo lake ni karibu mara 12. Mchana barabarani tofauti hiyo huioni sana. Lakini korali yako inafanya mazoezi jioni, umeme umekatika, jenereta inawasha balbu mbili juu ya altare. Hapo kamera yenye kihisi kidogo ina njia mbili tu. Ama iache shata, yaani kile kipazia kinachofungua na kufunga mwanga, wazi muda mrefu, na mikono ya mpiga ngoma itoke kama moshi, ama ipandishe ISO, yaani ukali wa kihisi kwa mwanga, na nyuso za akina mama zijae chenga. Simu yako nayo ina kihisi kidogo, ila inapiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha yenyewe ndani kwa ndani. Kamera ndogo nyingi za bei rahisi hazina akili hiyo. Utalipa dola zako upate picha ambayo simu tayari inakupa.

Kuna kamera ndogo za aina moja ninazoziheshimu, zile zenye kihisi cha inchi moja, milimita 13.2 kwa 8.8. Sony RX100 ya mwaka 2012 ndiyo iliyozitangaza. Lenzi yake inafunguka hadi f/1.8 (namba hiyo ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), inaingia kwenye mkoba wa kanisani, haipigi kelele. Ungekuwa umeniambia ni watoto na safari tu, ningekwambia tafuta hiyo iliyotumika na mambo yaishe. Lakini ukivuta zumu yake hadi mwisho, tundu la lenzi linabana mpaka f/4.9, na mwanga uliokuwa unaufurahia umekwisha. Haina mahali pa kuchomeka flashi ya nje. Betri yake kwa kipimo cha watengenezaji inafika picha 330 kwa chaji moja, wakati Nikon D3500, SLR ya wanaoanza ya mwaka 2018, inafika 1,550. Kwa mji unaolala bila umeme hiyo si hesabu ndogo. Na kuna jambo ambalo maduka hayakwambii: ukifika kwenye harusi na kakamera ka mfukoni, wajomba wa bwana harusi hawatakulipa. Watasema hata shangazi anazo picha kama hizo kwenye simu.

Kwa hiyo kwa kazi uliyonitajia, jibu langu ni SLR, na iwe iliyotumika. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, D3500 imeshaacha kutengenezwa, na ndiyo maana watu wanaziuza kwa bei ambayo sisi wa zamani hatukuiota. Picha zake hazijaharibika kwa sababu mtindo umebadilika.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Pesa usizimalizie kwenye mwili wa kamera. Lenzi inayokuja nayo, ile ya zumu ya milimita 18-55, ukiivuta hadi 55 inaishia f/5.6. Tafuta pamoja nayo lenzi moja isiyo na zumu, ya f/1.8. Ya Canon ni 50mm STM, ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125 ikiwa mpya. Kati ya f/5.6 na f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 10. Ndiyo itakayokuokoa kwenye korali, kuliko mwili wowote ule watakaokusifia. Kasoro yake ni kwamba kwenye SLR hizi 50mm inaona pembamba: nzuri sana kwa uso wa mtu mmoja, lakini ndani ya sebule yenu utaegemea ukuta na bado babu atabaki nje ya picha. Hapo rudisha 18-55. Ukiangukia kwenye Nikon, tafuta 35mm f/1.8, na uangalie maandishi: lazima iandikwe AF-S. D3500 haina mota ya fokasi ndani yake, na zile lenzi za zamani zilizoandikwa AF peke yake zitakulazimu kuzungusha kwa mkono. Wauzaji wa mjini wanazisukuma sana kwa wasiojua.

Kwa ajili ya harusi, angalia pia kile kibati cha juu panapochomekwa flashi. Katikati yake panatakiwa kuwa na nukta ya chuma. Canon 250D ya mwaka 2019 haina nukta hiyo, na flashi nyingi za bei rahisi hazitawaka juu yake. Ukikuta pale katikati hapana kitu, rudisha kamera mezani. Na Canon 4000D usiihangaikie hata ikishuka bei, mdomo wake wa kushikia lenzi ni wa plastiki.

Kitu kimoja nikuonyeshe sasa hivi, maana hata ukiwa na kamera ya dola 2,000 kitakusumbua. Bibi harusi anatoka kanisani saa saba mchana, gauni jeupe, jua la utosini. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Gauni linatoka safi, na uso wa mtoto wa watu unatoka mweusi tii, macho huyaoni. Familia itasema fotografe hajui kazi. Kwenye D3500 kuna kitufe cha +/- karibu na cha kupigia. Kishike, zungusha gurudumu la nyuma upande wa kujumlisha, piga, tazama uso. Usitazame gauni. Ongeza tena mpaka mashavu yaonekane rangi yake yenyewe. Na uiweke kamera ipige kwa RAW siku hiyo, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, ili gauni likizidi kidogo uweze kulirudisha kwenye kompyuta. Bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya ukuta mweusi, fanya kinyume. Zoezi hili lifanye na watoto uani kabla hujapokea pesa ya mtu.

Vumbi la Agosti unalijua. Usibadilishe lenzi nje, ingia ndani au kwenye gari, zima kamera, elekeza mdomo wake chini. Nunua kile kipulizo cha mpira, usipulize kwa mdomo, mate yatabaki ndani. Na kamera kubwa inaita macho: usiitoe karibu na kambi ya askari, ofisi ya serikali wala uwanja wa ndege, hata kama unapiga mti tu.

Siku ya kununua nenda na kadi yako ya kumbukumbu, wakati kuna mwanga wa kutosha. Piga picha ya anga kwenye f/16, kisha ikuze picha kwenye skrini: madoa meusi yanayokaa mahali palepale katika kila picha ni uchafu kwenye kihisi. Yakiwa mawili matatu, dai upunguziwe bei. Yakiwa mengi yenye mikwaruzo, aga uende. Fungua mlango wa betri uone kama vile vyuma vya ndani vimeota kutu. Elekeza lenzi kwenye mwanga, si kwenye jua lenyewe, uchungulie, ukungu unaonekana kama utando wa buibui.

Ukipata unayoitaka, nitumie picha ya kamera yenyewe, juu, chini na mdomoni, kabla hujatoa senti. Jumamosi niko nyumbani kutwa, na simu sitaizima.

Baba yako