Kebo ya pili imeua mtandao wa ghala

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Naangalia kompyuta za ghala la korosho hapa Mtwara. Swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa kebo) ya ofisini na ya mizani zimeungwa kwa kebo moja ya gigabiti 1. Msimu ukianza Oktoba, wote wanafungua mafaili ya seva kwa pamoja, mtandao unakuwa mzito. Nimechomeka kebo ya pili, taa zote zikamweka kama zina wazimu, mtandao ukafa. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kebo haina kosa. Swichi hazikuambiwa kuwa nyaya hizo mbili ni njia moja, hivyo ujumbe unaotumwa kwa wote ukatoka huku ukarudi kule, ukazaliana bila kikomo. Ndiyo maana ya taa zile.

Kazi hii inataka swichi zinazosetiwa. Ya kuchomeka tu haiwezi. Chukua poti (tundu za kebo) mbili tupu, tuseme 23 na 24, kila upande, ziwe na spidi moja na VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi) zilezile. Ziunge ziwe kundi moja la LACP, utaratibu wa swichi kukubaliana kuwa kebo kadhaa ni njia moja. Walau upande mmoja uwe Active (unaoanza kuongea), kwani Passive kwa Passive kila mmoja humngoja mwenzake na kundi haliundiki. Kundi la kulazimisha, lisilo na LACP, liepuke: halitambui kebo iliyochomekwa poti siyo. Hifadhi mipangilio pande zote, maana umeme ukikatika kabla hujahifadhi, balaa la jana linarudi. Kisha chomoa kebo ya zamani kwanza, ndipo uchomeke hizi mbili.

Usitarajie faili moja kukimbia kwa gigabiti 2. Mazungumzo ya kompyuta moja na seva hupita kebo moja. Nafuu huja watu wakiwa wengi. Mgawanyo wa mazungumzo hayo kwenye kebo useti kwa anwani za IP (namba za kompyuta mtandaoni) za mtumaji na mpokeaji, pande zote mbili. Ukigawa kwa anwani ya mpokeaji peke yake, yote yaendayo kwenye seva yatabanana kebo moja.

Hewa ya bahari ya huku kwetu hula pini za viunganishi. Jozi moja ya waya ikifa, poti inaweza kushuka hadi megabiti 100 na kutolewa kundini, huku taa bado inawaka. Basi kagua spidi ya kila poti, usiamini taa. Kebo mbili zisipite bomba moja pia. Jembe moja litazikata zote.

Mwisho anzisha ping (ujumbe mfupi wa kupima kama seva inajibu) ndefu kwenda kwenye seva, chomoa kebo moja. Yakipotea majibu mawili au moja kisha ping ikaendelea, irudishe kebo, ujaribu ya pili.